Paka wa Prefe Hatoki Asubuhi

Siku mtaa wetu ulipomwona Prefe kwa mara ya kwanza akitembea na paka aliyefungwa mikanda kifuani, Mama Furaha, jirani yangu anayekaanga maandazi kando ya barabara, aliacha karai zima likaungua. Si kwamba hakuwahi kuona paka, wala si kwamba hakuwahi kuona mzee. Alichokuwa hajaona ni hao wawili kwenye ncha mbili za kamba moja, tena mzee ndiye anayemfuata paka. Paka akisimama, mzee anasimama. Paka akinusa jiwe, mzee anaangalia pembeni kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuwasalimia wakwe. Walipopita, Mama Furaha aliniuliza kwa sauti ya chini kama tuwapigie watoto wake simu sasa au tungoje kwanza aanze kuzungumza peke yake. Nilimwambia tungoje.

Kwa wasio wa kwetu, prefe ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu wetu alikuwa amestaafu zamani, lakini cheo kwetu hakistaafu. Jina lake halisi wengi hawalijui, na wanaolijua hawathubutu kulitamka. Nimesoma chini yake, kisha nikawa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mawe yaleyale meusi ya volkano yakitutenganisha. Kwa hiyo nilimwogopa miaka ya shule, nikaendelea kumwogopa nilipoolewa, na mpaka leo nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta nakaa wima kwenye kiti cha cherehani.

Shuleni alikuwa na swali moja. Ukichelewa, ukichomoa shati, ukicheka kabla hajacheka yeye, alikuja taratibu mpaka puani pako na kuuliza, "Nani alikupa ruhusa?" Halikuwa swali la kujibiwa. Kuna kijana mmoja wa darasa letu aliyejaribu kulijibu, akasema ruhusa alipewa na mama yake, na Prefe akamtuma akamlete huyo mama. Mama akaja mbio kutoka sokoni Birere na bidhaa zake kichwani, naye akaulizwa swali hilohilo. Leo kijana huyo ana tumbo kubwa na gari, na akimwona Prefe kwenye barabara anashusha kioo na kuzima muziki.

Basi mtu huyo, aliyetuvuta masikio mpaka yakapata umbo alilolitaka, ndiye niliyemkuta siku moja ameinama mbele ya paka wa rangi ya majivu, akimwuliza kwa upole mwingi nani alimpa ruhusa ya kulala juu ya koti la misa. Paka alimtazama, akapiga miayo, akageukia upande wa pili. Prefe akaenda kanisani bila koti. Nilirudi kwangu nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakasirika, maana masikio yangu mimi hayakuwahi kupata huruma ya namna hiyo.

Paka aliitwa Inspekta. Prefe alieleza kwamba wakaguzi wa shule walikuwa wakija kwake bila kutangaza, wanachungulia kila chumba, wanakula vizuri, kisha wanaondoka bila kusema walichoona. Paka alifanya hivyohivyo siku ya kwanza, ila yeye hakuondoka.

Lakini hakuwa paka wake wa kwanza, na hapa inabidi nieleze mambo ya ardhi yetu. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na chini ya mawe hayo kuna hewa nzito isiyo na rangi, inayotoka kimyakimya na kulala kwenye mashimo na mabonde madogo, kama maji ndani ya beseni. Tunaiita mazuku. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita asihisi kitu, kwa sababu kichwa chake kiko juu yake. Mbuzi, kuku, mbwa na mtoto aliyechuchumaa kucheza, hao huanguka na wasiamke. Asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, hasa baada ya mvua, ndipo hewa hiyo hupanda zaidi. Nyuma ya mtaa wetu kuna shimo la aina hiyo, limejaa majani mabichi mazuri ambayo hakuna mbuzi aliyeyala akarudi kusimulia.

Prefe alifundisha jiografia kabla ya kupewa ukuu, na kila mwaka aliwapeleka wanafunzi kwenye ukingo wa shimo lile. Aliwasha karatasi kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaishusha polepole, na moto ukazimika penyewe mahali hewa ilipoanzia. Mazuku aliijua kuliko mtu yeyote mtaani. Na bado paka wake wa kwanza, jike jeupe aliloachiwa na marehemu mke wake, lilitoka asubuhi moja kupitia dirisha la jikoni, na Prefe akalikuta katikati ya yale majani, limejikunja vizuri kabisa, limefumba macho. Alilizika mwenyewe. Kwa muda mrefu hakusikika akikohoa wala kuita, na nyumba yake ilikuwa kimya hata mimi nikawa nagonga ukuta kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

Inspekta alipokuja, Prefe alikula kiapo kwamba mguu wa paka huyu hautagusa nje. Akaweka wavu madirishani. Inspekta akakua ndani, akanenepa, akawa na sura ya mtu mwenye malalamiko. Alikaa dirishani kutwa nzima akiwalilia ndege, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mchanga, kiasi kwamba wageni wa mtaa walipita wakijikunyata. Akina mama wa kikundi cha maombi walianza kunong'ona kwamba mzee ana kitu amekifungia mle ndani. Mimi niliwaambia ni paka, wakasema ndiyo, wanajua, ndicho wanachosema.

Ikafika siku Inspekta akakataa kula. Hata sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo Prefe huvifuata mwenyewe sokoni Kituku, vilibaki kwenye sahani mpaka nzi wakavimaliza. Daktari wa mifugo alikuja, akamshika tumbo, akasema mnyama haumwi, amechoka kukaa ndani, atoke atembee. Kisha akaongeza, kwa bahati mbaya, kwamba hata mwenye nyumba angetembea kidogo isingemdhuru. Daktari huyo pia alikuwa mwanafunzi wa zamani, na nilisikia kupitia ukutani akiulizwa nani alimpa ruhusa.

Kesho yake Prefe alikuja kwenye karakana yangu ya ushonaji na mchoro uliopigwa kwa rula.

"Mutoto yangu, unishonee nguo ya paka."

Nilimwuliza ya namna gani, nikidhani labda ni ya sikukuu.

"Haiko ya kujipamba. Iko ya kumuzuiya asikufe."

Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, hata suruali za mwanasiasa asiyetaka kupimwa kiuno. Hakuna kazi iliyonitoa jasho kama ile. Paka hana mabega. Ukimfunga shingoni atajinyonga, ukimfunga tumboni atatoka kwa kurudi kinyumenyume, na Inspekta alirudi kinyumenyume vizuri kuliko dereva wa lori. Mshono wa kwanza aliuvua kabla sijakata uzi. Wa pili alikaa nao muda wa kuturidhisha, kisha akauacha sakafuni ukiwa umefungwa vifungo vyote. Mwishowe nikatumia ukanda mpana wa sidiria, mmoja mbele ya kifua, mmoja nyuma ya mikono, kipande cha kitambaa kigumu katikati, na pete ya chuma mgongoni si shingoni. Prefe aliiita kwa Kifaransa, harnais, kwa sauti ya puani. Mtaa uliiita sidiria ya paka, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mara ya kwanza kuvishwa ile iliyofaa, Inspekta alianguka ubavu kama aliyetolewa mifupa. Prefe alimbeba mikononi, akaruka mtaro akiwa na malapa, akaniwekea paka juu ya meza ya kukatia na kusema kwamba nimemwua. Nilimfungua. Inspekta akanyanyuka, akajilamba mguu, akatembea juu ya kitambaa cha harusi cha watu. Baadaye tulielewa kwamba hakuwa akifa, alikuwa amegoma.

Hapo ndipo nilipoona upande wa Prefe ambao shule haikuwahi kuuona. Alianza upya, kwa utaratibu. Siku za mwanzo aliiweka ile mikanda kando ya sahani tu, paka aizoee harufu. Kisha akamvisha kwa muda mfupi na kumpa sambaza palepale. Kisha wakatembea sebuleni, kutoka kabatini mpaka kwenye picha ya Bikira Maria na kurudi. Kamba hakuivuta hata mara moja. Nilipomwuliza kwa nini asimvute kidogo amfundishe, alinikunjia uso na kusema mnyama aliyeburutwa hajifunzi chochote isipokuwa kukuchukia. Nilishika sikio langu la kushoto, nikamtazama. Alijifanya anatafuta miwani.

Walipoanza kutoka, kulikuwa na sheria. Hawakutoka asubuhi kamwe, wala baada ya mvua. Walitoka jua likishapanda na upepo wa ziwa ukiwa umeanza, na Prefe alinyanyua leso langoni kuona kama inapepea. Isipopepea, walirudi ndani. Mlango aliufungua mwenyewe lakini kizingiti alimwachia Inspekta avuke kwa miguu yake, hata ikichukua muda wa misa nzima. Pakiwa na mbwa, alimnyanyua. Na wakifika karibu na njia ya shimo, alimweka begani, akapita kwa haraka akiwa ameinua kidevu, kama wamepitia mlangoni kwa mtu wasiyesalimiana naye.

Mzee huyu, lazima niseme, kabla ya hapo hakuwa anatoka. Alikwenda misa, akaenda Kituku, akarudi, akafunga lango. Tulimwogopa mno kumtembelea, naye alikuwa na kiburi mno cha kututembelea. Mwaka ule risasi zilipoingia mpaka katikati ya mji, alikaa chini ya meza na Inspekta, na watoto wake walioko mbali walinipigia mimi simu niwaambie kama baba yao anapumua. Lakini sasa paka alikuwa anasimama popote anapotaka, na mtu hawezi kusimama mbele ya mlango wa watu bila kusalimia. Inspekta akasimama kwa Mama Furaha, Prefe akalazimika kuuliza habari za watoto. Inspekta akasimama kwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, Prefe akalazimika kusifia magurudumu ya mbao. Ndani ya msimu mmoja alikuwa anajua nani ana mjukuu mpya na nani amegombana na shemeji yake, na alianza kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kosa letu lilianzia kwenye tabia hiyohiyo ya kusimama. Watu waliona kwamba kila wakikaribia shimo, paka anabebwa, na wakaona pia kwamba mahali pengine paka anakaa chini na hasogei. Kwa akili za mtaa wetu, mambo hayo mawili yakaungana. Ikasemwa kwamba Inspekta anasikia mazuku kwa miguu. Ikasemwa Prefe amemfundisha, maana prefe hawezi kutembeza paka bure. Mama mmoja akahamisha jiko lake kwa sababu paka alikaa hapo. Mwingine akapanda mihogo pale paka alipokojoa, akisema Inspekta ameidhinisha.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni komisioneri, dalali wa viwanja wa mtaa, mtu wa tai fupi na maneno marefu. Alikuwa na kiwanja karibu na shimo ambacho kila mteja alikiogopa. Alikuja kwa Prefe na kuku mkononi, akaomba aazimwe paka kwa kitambo kidogo, atembee juu ya kiwanja mbele ya mteja, asikae chini. Prefe alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitisha.

"Paka yangu haiko mashini ya kupima udongo," alisema. "Anakaaka chini sababu anachoka. Hata sasa, angalia, amechoka kukuona."

Inspekta alikuwa amekaa chini kweli.

Prefe aliona hatari iliyokuwemo. Watu wakimwamini paka, siku moja watapita mahali pabaya kwa sababu paka hakukaa. Akaita mtaa mzima kwenye ukingo wa shimo, akawasha karatasi kwenye fimbo kama zamani, akaishusha, moto ukazimika. Akaeleza kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinande kwa ajili ya wazee wa Butembo. Watu walipiga makofi. Halafu fundi wa chukudu akauliza, kwa heshima zote, kama paka naye anakubaliana na moto. Prefe alirudi nyumbani bila kuaga.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni Jumapili moja ya juzijuzi. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Prefe alikwenda misa ya kwanza na mwavuli wake, na ufunguo wa nyumba akamwachia Mama Furaha kama kawaida, endapo Inspekta atalia. Komisioneri akaja na mteja, akamwambia Mama Furaha kwamba Prefe amekubali, wamekutana njiani. Mama Furaha si mtu wa kubishana na tai. Akafungua. Komisioneri akamvisha paka ile mikanda mbele nyuma, ukanda wa tumbo kifuani, akamtoa nje akimburuta.

Nilisikia kelele nikatoka na uzi mdomoni. Inspekta alikuwa amefanya anachokijua, amerudi kinyumenyume mpaka kamba ikachomoka kwenye pete, mikono ikatoka, ukanda mmoja ukabaki umemkaza kiunoni. Kisha mjusi akapita. Paka aliyezoea kuwalilia ndege kupitia wavu alimkimbiza mjusi moja kwa moja mpaka chini ya shimo, kwenye yale majani. Tulimwona akisimama, akitikisa kichwa, akijilaza.

Prefe akatokea na suti yake ya misa. Hakuuliza nani alimpa nani ruhusa. Alitazama shimo, akatazama majani yasiyotikisika hata kidogo, akamvua fundi wa chukudu kamba ya kufungia magunia iliyokuwa begani pake, akajifunga kiunoni. Aliwasha karatasi ya nyimbo za misa, akaishusha kwa ncha ya mwavuli. Ilizimika juu ya kiuno cha mtu.

"Sitainama," alituambia. "Nikianguka, muvute. Na musiongee. Mukisema vibaya nitawasahihisha, na nitakuwa nimevuta pumzi."

Tulishika kamba, mimi, Mama Furaha na fundi. Komisioneri naye alikuja kushika, nikamsukuma kwa kiwiko. Prefe alivuta pumzi mashavu yakajaa, akashuka. Mzee wa miguu mibovu, juu ya mawe yaliyolowa, wima kabisa kama anakagua mstari wa asubuhi. Nilikuwa nasali, lakini nakiri sikumwombea yeye wala paka, nilikuwa naiombea ile mishono yangu. Maana alikuwa amegeuza mwavuli, ameshika ncha, na kwa mpini wake uliopinda alikuwa anautafuta ukanda wa sidiria kiunoni mwa paka. Akaukosa. Uso wake ukaanza kuwa mweusi. Akaukosa tena. Mama Furaha alianza kulia bila sauti, kwa kuwa tulikatazwa kuongea. Kisha mpini ukanasa, ukanda ukavutika, ukavutika, ukashika, na Inspekta akapanda hewani akining'inia kama mkoba, mkia chini.

Prefe alitoka kwa miguu yake. Alipofika juu alipumua kwa sauti iliyowatoa watu majumbani. Alimlaza paka juu ya jiwe mahali palipoinuka, akavua koti la misa, akaanza kumpepea, akimwita. Hakumwita Inspekta. Alimwita mutoto yangu, mutoto yangu, mbele yetu wote, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa naangalia mbavu za paka na hazikuwa zinasogea. Nilifikiria nyumba ile ikinyamaza tena, nami nikigonga ukuta kuomba chumvi.

Kisha Inspekta akapiga chafya. Akapiga nyingine, akafungua jicho moja, akatapika sambaza zote za jana juu ya suruali ya suti, na alipomaliza akamng'ata Prefe kidole. Prefe alimshukuru. Alimwambia asante, asante sana, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na fundi wa chukudu akavua kofia.

Mteja wa kiwanja alikuwa ameshaondoka. Komisioneri alisimama mbali na tai mkononi, akisubiri hukumu ambayo haikuja, na nadhani hilo lilimwumiza zaidi. Prefe alikuwa amekaa chini, juu ya mawe machafu, paka mapajani. Nilimwendea nimfungue kamba kiunoni, kwa kuwa haikupendeza mtu kama yeye kukaa amefungwa mbele za watu. Aliniwekea mkono juu ya fundo.

"Musiachilie kwanza," alisema.

Tukaendelea kushika.